Ukuta wa Nyuma Niliupaka Mimi

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, baada ya mvua.

Shangazi mpendwa,

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, ule wa upande wa chumba cha Bibi, niliuosha, nikaukwangua na kuupaka chokaa mimi mwenyewe. Baba hajui. Mama hajui. Bibi analala nyuma ya ukuta huo na hajui. Anayejua ni fundi tu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na nimeliandika jambo hili kabla ya salamu kwa sababu najijua: ningeanza na salamu, ningesalimia mpaka karatasi iishe.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti lako linaendeleaje? Uliposema na Baba kwenye simu ulimwambia kwamba ngazi za hapo kwenu zinakuonea, ukifika juu umeshasahau ulichofuata. Natumaini limepoa. Na mapacha hawajambo? Bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tu wazima. Mama alikohoa kidogo kwa vumbi, sasa ameacha. Baba ni yuleyule, anaondoka na lori alfajiri na kurudi jua likizama. Mama yako anakula vizuri na anasikia vibaya, isipokuwa akisengenywa. Hapo husikia hata sindano ikianguka.

Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Najua umenitengea chumba na umeshaulizia ile kozi ya ukarani. Najua Baba amewatangazia watu wote kwamba binti yake anakwenda kuwa mtu wa ofisini. Mimi ninapoulizwa nacheka na kuangalia chini, na watu wanadhani ni furaha. Sitaki kuja, Shangazi. Si kwamba sitaki kukaa na wewe. Nataka kubaki nijifunze kazi ya kutunza nyumba kwa nje. Tafadhali usiikunje barua hapa. Huwezi kunielewa kama hujaujua ukuta ule.

Unaukumbuka ulivyong'aa? Bila shaka unakumbuka jinsi Baba alivyoupaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka bodi la lori. Mimi nilikuwa mdogo, lakini maneno yake nimeyasikia mara nyingi, maana aliyarudia kwa kila mgeni: kama rangi hii inazuia mvua kwenye lori linalokimbia, itashindwaje kuizuia kwenye nyumba iliyosimama? Wote walikubali. Nasikia hata wewe ulimsifu. Watoto tulikuwa tukipita uchochoroni tunajitazama nywele kwenye ukuta kama kioo.

Baada ya hapo chumba cha Bibi kikaanza kutoa maji. Kwanza alama kama ya chai iliyomwagika, kisha plasta ya ndani ikawa inaanguka yenyewe kama unga. Bibi akilalamika, Baba anaongeza rangi nje. Akilalamika tena, anaongeza tena. Mwaka huu daktari wa zahanati alikisikiliza kifua cha Bibi, akasema hakitavumilia msimu mwingine wa mvua katika chumba kile.  Siku ya pili Baba akaenda kumwita fundi.

Fundi mwenyewe ni mwanamke wa rika la Mama, mrefu, mikono kama kamba za kuvutia mizigo, na ngazi yake ya mbao haimtoki begani. Watu wanamwita Mama Ngazi, na hata wanawe wanamwita hivyo. Kazi yake ni nje ya nyumba tu. Ukimkaribisha ndani anasita mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Alikuja na msaidizi, lakini yule msaidizi akapata kazi kiwandani, akaondoka siku ya pili.

"Hata brashi hakuisuuza!" Mama Ngazi alilalamika. "Kuniacha mimi, sawa. Mimi ni mtu mzima, nitajisuuza. Brashi imemkosea nini?"

Mvua zilikuwa zinakaribia na nyumba ina pande nne. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka maji na chai. Baba alishasema: kubeba maji ruksa, kupanda ngazi marufuku, kugusa chokaa marufuku kabisa. "Mikono hiyo inaenda ofisini," alisema, tena mbele ya fundi.

Siku ya kwanza bila msaidizi, Mama Ngazi alipanda kusafisha mfereji wa paa, ule unaopita juu ya dirisha la Bibi. Nikamshikia ngazi. Akaniita nipande nione, na nikapanda kabla sijakumbuka kwamba nimekatazwa. Shangazi, kule juu kulikuwa na bustani! Majani, udongo mweusi, mchwa wenye safari zao, na mche wa mnyanya wenye nyanya mbili zilizoiva. Miaka yote tulikuwa tukilala chini ya shamba.

"Umeona?" akasema. "Mvua ikifika hapa inaambiwa shamba limejaa, teremkia ukutani."

Nyanya moja akaila yeye, nyingine akanipa mimi. Ilikuwa tamu ajabu.

Baada ya hapo akanigawia ukuta wa nyuma. Alisema mbele ndiko watu wanakotazama na ndiko jina lake litakakoharibika, kwa hiyo mbele ni kwake. "Nyuma kuna paka na ndoo za watu. Nenda ukakosee huko."

Kila asubuhi, Baba na Mama wakishakwenda kazini, nikawa naingia uchochoroni na gauni langu bovu. Na nikakosea kweli. Nilianza kuosha kutoka juu, nikifikiri maji huteremka na uchafu utateremka nayo. Mama Ngazi alipokuja kunitazama alishika kiuno. "Hii nyumba au punda milia?" Maji machafu yalikuwa yameteremka kwenye ukuta mkavu na kuacha michirizi myeusi kila mahali. Kumbe unaanza chini kwenda juu. Ukuta wa chini ukiwa umeshalowa, uchafu unaotoka juu unateleza tu, haupati pa kushika. Kisha unasuuza, na kusuuza ndiko kunatoka juu kwenda chini. Nikarudia wote. Jioni sikuweza kuinua kikombe, lakini michirizi ilikuwa imekwisha.

Wapita njia upande wa mbele hawakuacha kumwambia Mama Ngazi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mmoja aliisema methali hiyo kama vile ameitunga mwenyewe. Nilimsikia akimjibu mzee mmoja: "Ahsante, baba. Sasa methali hiyo ije inishikie ndoo."

Sasa nikuambie jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasimama. Kukwangua ile rangi ya Baba ilikuwa kama kumenya kitunguu. Chini ya kijani kulikuwa na kijani, na chini yake kijani kingine. Nilipofika katikati, karibu na kichwa cha kitanda cha Bibi, nilisukuma kikwangulio na kipande kikubwa kama sinia kikabanduka chote kwa pamoja. Nyuma yake yakatoka maji.

Si unyevu, Shangazi, maji. Yalitiririka kwenye mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, ya baridi, yenye harufu ya mtungi wa zamani. Jua lilikuwa kali na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Nikasimama nayatazama. Nikawaza kwamba huenda humo mna mvua iliyoninyeshea nikiwa darasa la tatu. Ilikuwa imekaa humo muda wote, haiwezi kutoka nje kwa sababu ya rangi, inatokea ndani kwa Bibi.

Nilimwita Mama Ngazi. Wewe unajua sauti yangu. Shuleni mwalimu aliwahi kuandika kwamba sipo, na mimi nimekaa mbele ya pua yake naitikia. Lakini siku ile niliita, na akasikia kutoka mbele ya nyumba, akaja mbio akidhani nimeanguka. Alipoona maji hakutania. Aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo.

"Nimekwangua nyumba nyingi," akasema, "lakini hii ilikuwa imezibwa pua."

Tukauacha ukuta upumue. Bibi tulimhamishia chumbani kwangu, naye akauliza kila siku lini atarudi kwake, kwa sababu eti mimi nakoroma. Shangazi, anayekoroma ni yeye! Kila asubuhi nilikwenda uchochoroni kuangalia ile alama nyeusi ya unyevu. Nilikuwa nachora ukingo wake kwa mkaa, na kesho yake ukingo umerudi nyuma ya mstari, kama bwawa linalokauka. Hakuna aliyekuwa anaufanyia chochote. Upepo mdogo tu wa uchochoroni, na ukuta wenyewe. Nilikuwa sijui kwamba ukuta unaweza kufanya kazi.

Kisha ikaja chokaa. Mama Ngazi alileta mabonge kama mawe ya kawaida, akaniambia nisimame upepo ukiwa mgongoni kwangu, nisogee mbali na nifunge mdomo, "ingawa hilo kwako si shida." Akayatia kwenye pipa la maji. Kwa muda hakikutokea kitu. Nikaanza kufikiri tumeuziwa mawe. Mara pipa likanguruma, mvuke ukapanda, maji yakachemka na kuruka, na chini ya pipa hapakuwa na kijiti kimoja cha moto. Niliogopa na nikataka kusogea karibu, vyote kwa pamoja. Kemia nilisoma, na hesabu ya jambo lile niliwahi kuiandika ubaoni na kupigiwa makofi. Hakuna aliyeniambia kwamba linanguruma.

Chokaa ikikaa inakuwa laini kama krimu. Unaizimua mpaka iwe nyepesi kama maziwa, unalowesha ukuta, unapaka. Nilipaka mchana kutwa. Nilipomaliza nikarudi nyuma kuangalia, moyo ukanianguka. Ukuta ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Unaona mawe, unaona madoa, unaona kila kitu. Nikajua nimeuharibu ukuta wa Bibi. Jioni sikula. Mama akaniuliza kama ni hofu ya safari, nikaitikia kwa kichwa. Mama Ngazi alikuwa ameshaondoka, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Asubuhi nilikwenda uchochoroni kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Nilipopinda kona nikasimama. Ukuta ulikuwa mweupe. Si weupe wa rangi ya kopo, ule unaokutolea macho. Ulikuwa kama mwanga uliotulia mahali. Uchochoro wote, ambao tangu nizaliwe ulikuwa na mwanga hafifu hata saa sita mchana, ulikuwa unaonekana. Niliona kwamba sakafu yake ni ya mawe yaliyochongwa. Niliona kivuli changu mwenyewe mahali ambapo hapajawahi kuwa na kivuli cha mtu. Chokaa inapakwa ikiwa kama maji na inakuwa nyeupe yenyewe, taratibu, wakati wewe hupo na umekata tamaa.

Jirani wa nyuma ni mshonaji, mama mnene mwenye dirisha moja dogo la juu lenye nondo, linalotazama uchochoroni. Nilimsikia akimwambia mteja wake kwa mshangao, "Hebu zima hiyo taa. Zima uone! Nani kanifungulia jua?" Kisha cherehani ikaanza kwenda. Sasa mchana anatunga uzi bila taa. Nilikaa chini ya dirisha lake na ndoo yangu, nikiziba mdomo kwa mikono miwili. Kumbe ukiosha ukuta wako, mwanga unaingia kwa mwenzako, na yeye hata hajui amshukuru nani. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile.

Nilipaka mara nyingine, na nyingine tena, kila mara nyembamba. Mikono yangu ilipasuka kwa chokaa hata Mama akauliza nafulia sabuni gani. Nikajikaza. Naipaka mafuta kila nikienda kulala, na mezani naificha chini ya mtandio.

Jana mvua ikaja, ya mchana, ile nzito isiyo na adabu. Baba alikuwa nyumbani. Aliinuka akaenda chumba cha Bibi, nami nikamfuata na beseni, lile la miaka yote la kukingia maji. Tukasimama wawili tunasikiliza mvua inavyoupiga ukuta kwa nje. Shangazi, nilihisi inanipiga mimi. Baba alipitisha kiganja kutoka dirishani mpaka kona, akainama, akapitisha chini karibu na sakafu. Akajinusa mkono. Akapitisha tena.

"Pakavu," akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Mvua ilipopungua alitoka na mwavuli kwenda uchochoroni, nikabaki mlangoni. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi viatu vilikuwa vimejaa maji na uso wake sijui niueleze vipi. "Yule mama ana mkono," aliniambia. "Mbele kapaka vizuri, sikatai. Lakini huu wa nyuma kaupaka kwa moyo. Na ni mahali asipotazama mtu!"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nilishika beseni kavu mikono miwili, nikasema, "Ndiyo, Baba." Basi.

"Mwandikie shangazi yako," akasema. "Mweleze kila kitu kuhusu ukuta huu. Atafurahi, ni chumba alichozaliwa." Kwa hiyo nakuandikia kwa amri yake, na nimekueleza kila kitu kama alivyosema.

Mama Ngazi sasa anaanza kazi ya jengo la ghorofa la shule, kazi ya miezi. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo ilibidi niirudie, kama atanichukua nijifunze. Alinitazama, akatazama ukuta. "Mkono unao," akasema. "Lakini mtoto wa mtu simchukui kwa mlango wa nyuma. Baba yako aje mwenyewe aniambie, chukua." Amesema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Nimewaza sana nitamwambiaje Baba, mimi ambaye maneno hunikimbia. Nimeona hivi. Juu kabisa, chini ya paa, kimebaki kipande ambacho ngazi fupi niliyotumia haikufika, maana ile ndefu ilikuwa upande wa mbele. Mama Ngazi atatuachia ile ndefu. Baba akirudi kutoka safari hii, nitamwomba anishikie ngazi. Hilo tu. Najua atauliza, "Unapanda kwenda wapi?" na mimi nitakuwa nimeshapanda. Nitamwambia namalizia ukuta wangu. Mgongo ukiwa umemwelekea, nadhani nitaweza kusema.

Akikataa, nitakuja kwako, nitasoma ukarani na sitanuna. Lakini nataka kwanza anione huko juu.

Bibi anakusalimu sana na anasema usisahau kulipaka goti mafuta ya moto. Usiku wa jana alilala chumbani kwake na hakukohoa hata mara moja, nilisimama mlangoni nikisikiliza. Mama anakusalimu. Wasalimie mapacha na wote wanaoingia mlangoni kwako. Mungu akupe goti la kupanda ngazi zote ulizopangiwa, na akulipe kwa chumba ulichonitengea, nikilala humo au nisilale.

La mwisho, Shangazi. Barua hii anakuletea Baba mwenyewe. Kesho ana mzigo wa huko kwenu, na ameshaupigapiga mfuko wa shati, akasema humo itafika. Barua ya mtu hawezi kuifungua, unamjua. Kwa hiyo sasa unaposoma, yeye amekaa mbele yako. Tafadhali usimtazame. Ikunje pole pole, useme kwamba sisi wote wazima, na umpe chai. Akikuuliza nije lini, mwambie chumba bado kidogo. Na akianza kuusifu ukuta wa nyuma, mwache ausifu. Muulize na maswali, akae na furaha hiyo, umsikilize vizuri kwa niaba yangu. Lakini usimwambie ni nani.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa sauti ndogo,

Kimya